Ole Evinrude, Aliyewapunguzia Watu Taabu ya Makasia

Mtu atokaye Nachingwea au Ruangwa kwenda Lindi huiacha nyuma nchi ya mikorosho na ufuta, akashuka mpaka akaiona bahari. Pale pwani, upande wa kivuko cha kwenda Kitunda, huona vyombo vya namna nyingi. Vingine vina tanga, vingine huendeshwa kwa makasia, na vingine vimefungiwa nyuma, kwenye tezi, mtambo mdogo wenye kichwa juu ya maji na mguu mrefu ndani ya maji. Mwisho wa mguu ule pana rafadha, nayo ndiyo isukumayo chombo. Nahodha huvuta kamba mara moja au mara mbili, mtambo hunguruma, na mashua hukata maji bila tanga wala kasia. Akiisha fika ufukoni hulegeza skrubu mbili, huuchukua mtambo wake begani, akaenda zake nyumbani.

Wengi hudhani kitu hiki kimekuwako siku zote. Sivyo. Mtambo wa namna hii ulianza kukubaliwa na watu wengi mwaka 1909, na aliyewafanya waukubali alikuwa mtoto wa mkulima, tena mtoto aliyeacha shule mapema. Jina lake ni Ole Evinrude.

Alizaliwa tarehe 19 Aprili 1877 katika nchi ya Norwei, kaskazini ya Ulaya. Nchi ile ina milima mingi na baridi kali, na mashamba yake ni membamba. Katika siku zile watu wengi wa Norwei walikuwa wakihamia Marekani kutafuta ardhi, na wazazi wa Ole wakawa miongoni mwao. Mtoto alikuwa na umri wa miaka kama mitano walipovuka bahari. Wakafika jimbo la Wisconsin, wakapata shamba karibu na mji mdogo wa Cambridge, na karibu ya shamba palikuwa na ziwa liitwalo Ripley. Jina la Evinrude lilitokana na jina la shamba moja la kwao Norwei, kama vile watu wa kwetu waitwavyo kwa jina la kijiji walikotoka.

Baba yake alitaka mwanawe awe mkulima. Twaweza kumwelewa. Mtu aliyevuka bahari kubwa ili apate shamba hawezi kufurahi amwonapo mwanawe akilipa kisogo shamba lile na kutazama maji. Lakini Ole alipenda vitu viwili, mashine na mashua, wala hakuna aliyeweza kumtoa katika mapenzi hayo. Inasimuliwa kwamba alipokuwa bado kijana alianza kuunda mashua ya tanga kwa siri. Baba akaiona, akaivunja. Kijana hakujibizana na baba yake wala hakutoroka nyumbani. Alingoja, kisha akaunda mashua ya pili, nayo ikaelea, ikaenda ziwani. Tangu hapo baba akafahamu kwamba mikono ile haikuumbwa kwa jembe peke yake.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 aliondoka nyumbani, akaenda Madison, mji mkuu wa Wisconsin, akapata kazi katika karakana. Mchana alifanya kazi za mikono, usiku alisoma vitabu vya hesabu na ufundi, peke yake, bila mwalimu. Mtoto aliyeachana na shule mapema alikuwa sasa anajifundisha mambo ambayo wengine hufundishwa katika vyuo. Kutoka Madison alikwenda Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, akaenda na Chicago, akijifunza kila mahali kipande cha ufundi. Mwisho akarudi Wisconsin, akakaa Milwaukee, mji ulio kando ya ziwa Michigan. Huko akawa fundi wa kuchonga vielelezo vya mbao, yaani vile vinavyotengenezwa kwanza ili kufanyia kalibu za kusubia chuma. Kazi hii yataka macho makali. Ukikosea upana wa unywele katika mbao, utakosea vile vile katika chuma.

Wakati ule mitambo ya petroli ilikuwa kitu kigeni. Katika nchi ya Ujerumani, mafundi wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walikuwa wametia mtambo wa petroli katika mashua mwaka 1886, wakaijaribu katika mto Neckar. Mwaka 1893 Maybach akabuni kabureta inyunyizayo petroli kama manyunyu ya mvua. Habari za vitu hivi zilifika Marekani, na Ole akavutwa nazo. Alijenga mitambo yake mwenyewe katika chumba cha chini cha nyumba alimopanga, na mngurumo wake, twaweza kudhani, haukuwapendeza majirani waliotaka kulala.

Mwaka 1900 aliungana na mtu aitwaye Clemick, wakafungua kiwanda cha kutengeneza mitambo. Biashara haikudumu. Ole akajaribu tena na washirika wengine, na hiyo nayo ikashindwa. Alikuwa fundi hodari, lakini hakuwa mtu wa kuandika barua, kudai fedha, wala kuhesabu faida. Mambo haya yalikuwa yakimngojea mtu mwingine, naye alikuwa akikaa jirani. Huyu alikuwa msichana aitwaye Bess Cary, aliyekuwa akisomea kazi za biashara. Alianza kwa kumsaidia Ole kuandika barua zake, maana kiwanda kilikuwa na kazi nyingi na barua zilikuwa zikilala bila kujibiwa. Mwaka 1906 wakaoana.

Watu wa Wisconsin hupenda kusimulia kisa kimoja cha wawili hawa. Siku moja ya joto kali, mwezi wa Agosti, walikuwa na rafiki zao katika kisiwa kilichomo ziwa Okauchee, wakila chakula. Bess akatamani aiskrimu. Ole akaingia katika mashua, akavuta makasia mwendo wa maili mbili na zaidi mpaka ng'ambo, akanunua aiskrimu, akaanza kurudi. Jua lilikuwa kali, upepo ulikuwa wa mbele, na kila alipovuta kasia aiskrimu ilikuwa ikiyeyuka miguuni pake. Alipofika ilikuwa imekwisha kuwa maziwa matamu. Hapo ndipo aliposhikwa na wazo la kufunga mtambo mdogo nyuma ya mashua ya makasia, mtambo ambao mtu aweza kuufunga na kuufungua peke yake.

Haifai kusema kwamba Evinrude ndiye mtu wa kwanza kabisa kufikiri hivyo. Katika mji wa Detroit, bwana mmoja aitwaye Cameron Waterman alikuwa amekwisha kutengeneza mtambo wa namna hiyo mwaka 1905, akauuza. Walikuwako na wengine kabla yake. Lakini kuwa wa kwanza ni jambo moja, na kutengeneza kitu ambacho mvuvi wa kawaida aweza kukitegemea ni jambo jingine.

Ole alichora, akachonga, akasubu. Mtambo wake wa kwanza ulikuwa wa chuma na shaba, wenye silinda moja iliyolala, na juu yake gurudumu zito lenye kishikio. Mwendeshaji alishika kishikio kile akalizungusha gurudumu kwa mkono, na asiyefanya haraka kuondoa mkono wake alipata kumbukumbu ya maumivu katika vifundo vya vidole. Hapakuwa na kamba ya kuvuta kama leo. Inasimuliwa kwamba Bess alipouona mara ya kwanza alisema unafanana na kinu cha kusagia kahawa, wala hakuamini kwamba utamfaa mtu. Lakini ulipojaribiwa katika mto Kinnickinnic, ndani ya mji wa Milwaukee, mashua ilikwenda.

Ole aliurudia kazini, akaurekebisha. Mwaka 1909 akampa rafiki yake auchukue kwenda kuvua samaki ziwani. Rafiki akarudi na habari iliyomshangaza kila mtu: watu kumi walikuwa wametaka mtambo kama ule, tena walikuwa tayari kutoa fedha. Ndipo kiwanda kilipoanza. Mtambo ule ulikuwa na uzito wa ratli 62, yaani kilo 28 hivi, nguvu yake ilikuwa ya farasi mmoja na nusu, na bei yake dola 62. Mtu mmoja mwenye afya aliweza kuubeba.

Bess alishika mambo ya ofisi. Aliandika barua, alihesabu fedha, na alitunga matangazo ya magazeti akiwaambia watu waache kujichosha na wayatupe makasia yao. Maombi yakaja kwa wingi kuliko walivyotazamia, hata kutoka ng'ambo ya bahari. Wavuvi wa Norwei na nchi zilizo jirani nayo, watu wa kabila lake Ole, wakawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Hivyo mtoto aliyetoka kwao na wazazi maskini akawarudishia kitu. Mwaka 1911 serikali ya Marekani ilimpa hati ya kulinda uvumbuzi wake.

Hapa yafaa tusimame kidogo katika safari ya maisha yake, tuutazame mtambo wenyewe. Evinrude aliuza mashine yake kwa watu ambao hawajapata kugusa mashine. Mkulima, karani, mvuvi, kila mmoja alikwenda nayo ziwani peke yake. Mtambo ukizimika katika karakana, fundi yuko karibu. Ukizimika katikati ya maji, upepo ukivuma, jua likizama, basi aliye ndani ya mashua ndiye fundi, apende asipende. Na mara nyingi chanzo cha kuzimika ni kidogo sana, nacho kimo katika kile kikombe cha chuma kiitwacho kabureta.

Petroli iliyo katika chupa haiwezi kuendesha mtambo. Kinachowaka kwa nguvu ndani ya silinda ni petroli iliyogeuzwa kuwa kama ukungu na kuchanganywa na hewa, tena kwa kipimo. Kwa kila ratli moja ya petroli yahitajiwa ratli 15 hivi za hewa. Petroli ikizidi, mtambo hukohoa, hutoa moshi mweusi, na plagi hulowa. Hewa ikizidi, mtambo hukosa nguvu, hupata joto, kisha hunyamaza. Kazi ya kabureta ni kutunza kipimo hiki.

Mnaweza kuifahamu kwa jaribio dogo. Chukueni bilauri ya maji na vipande viwili vya mrija. Simamisheni kipande kimoja ndani ya maji, ncha yake ya juu itokeze kidogo. Kisha pulizeni kwa nguvu kwa kipande cha pili, pumzi ipite juu ya ncha ile. Mtaona maji yakipanda katika mrija na kutawanyika kama manyunyu. Hewa iendayo mbio hupunguza mgandamizo pale ipitapo, na maji yaliyo chini husukumwa juu. Ndani ya kabureta ni vivyo hivyo. Iko njia ya hewa iliyobanwa katikati kama koo. Hewa ivutwayo na mtambo hupita pale mbio, na petroli hupanda kutoka bakuli dogo lililo chini, ikapita katika kitundu chembamba sana, ikatoka kama ukungu. Ndani ya bakuli lile mna boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kuisukuma sindano izibe njia. Petroli ikipungua, boya hushuka na njia hufunguka. Hakuna mtu anayekaa pale kufungua na kufunga.

Si lazima mwende Lindi kuiona kabureta. Imo katika pikipiki nyingi zibebazo abiria katika barabara zetu. Imo pia katika zile mashine za kubeba mgongoni ambazo wazee wetu hupulizia mikorosho, kuizuia ubwiri unga. Mashine ile ni ndugu wa mtambo wa Evinrude. Yote miwili ni ya mapigo mawili, na yote miwili hunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwa sababu oili ile ndiyo ilainishayo vyuma vya ndani.

Sasa fikirini jambo hili. Msimu wa kupulizia ukiisha, mashine huwekwa pembeni mwa nyumba, na petroli imo ndani yake. Miezi hupita. Petroli iliyomo katika bakuli la kabureta hukauka polepole, na ikikauka huacha utomvu kama gundi. Utomvu ule huziba kile kitundu chembamba. Mwaka wa pili mwenye mashine huivuta kamba mpaka bega likamuuma, asisikie hata kikohozi kimoja. Huilaumu plagi, akanunua nyingine. Huilaumu petroli ya dukani. Mwisho huilaumu mashine yenyewe, akasema imezeeka. Nayo haikuzeeka. Imezibwa koo.

Fundi mwenye akili haanzi kwa kufungua kila skrubu. Hufuata njia ya petroli tangu mwanzo wake, kama mtu afuataye kijito kutafuta mahali kilipozibwa. Kwanza hutazama tangi. Je, petroli imo? Na je, kile kitundu cha hewa katika kifuniko kimefunguliwa? Kama hewa haiingii, petroli haiwezi kutoka, na mtambo huwaka vizuri dakika chache kisha huzimika. Nimesikia mengi juu ya mafundi walioitwa kutoka mbali kwa sababu ya kitundu hicho kimoja. Kisha hutazama mpira wa petroli na chujio lake. Kisha huitoa plagi na kuitazama. Ikiwa kavu baada ya kuvuta kamba mara nyingi, basi petroli haifiki, na kosa liko upande wa kabureta au kabla yake. Ikiwa imelowa, petroli inafika, pengine imezidi. Labda boya limekwama, au sindano haizibi, au ni moto wa plagi wenyewe ulio dhaifu.

Dalili nyingine hufaa kujulikana. Mtambo ukiwaka tu wakati choki imefungwa, na kuzimika choki inapofunguliwa, maana yake ni kwamba hewa imezidi petroli, na mara nyingi kile kitundu kimezibwa nusu. Mtambo ukienda kwa kuruka ruka, pengine maji yameingia. Fundi hulifungua bakuli na kumimina kilichomo katika chupa ya kioo, akaiacha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, basi hukaa chini, na mpaka baina ya viwili hivyo huonekana kwa macho. Pwani jambo hili ni la kila mara, maana mawimbi na mvua havibishi hodi.

Kitundu kilichozibwa husafishwa kwa petroli safi na kwa kupuliza hewa ya pampu. Wako watu wanaokichokonoa kwa waya. Waya hukipanua, hata kama ni kidogo kiasi cha kutoonekana, na tangu siku hiyo mtambo hunywa petroli kama mlevi, wala hakuna awezaye kukirudisha kitundu kilivyokuwa. Ndugu zangu, mkiona mtu mzima akifanya hivyo kwa kabureta ya baba zenu, mwambieni kwa adabu. Wala ninyi wenyewe msifungue kabureta bila mkubwa kuwapo, na kamwe msifanye hivyo karibu na jiko, koroboi au sigara. Mvuke wa petroli hauonekani, hutambaa chini kwa chini, na moto huufuata upesi kuliko mtu awezavyo kukimbia.

Na anayetaka kuepukana na taabu hii yote hufanya kitu kimoja tu anapoiweka mashine: huifunga njia ya petroli, akauacha mtambo uendelee kuunguruma mpaka uzimike wenyewe. Hapo bakuli limekauka, na hapana kitakachogeuka gundi. Kazi hii haizidi dakika chache. Wazee wa Nachingwea waliyaona matrekta mengi yaliyoletwa kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, na waliona pia jinsi mashine isiyotunzwa inavyogeuka chuma cha kutundikia nguo.

Nahodha wa bahari ajuaye kazi yake huchukua plagi ya akiba na spana, tena hayatupi makasia yake, hata kama tangazo la Bibi Bess lilimwambia ayatupe.

Basi turudi kwa Ole Evinrude. Kiwanda kilikuwa kikistawi, lakini afya ya mkewe ilikuwa ikidhoofika. Bess alikuwa amejichosha mno, akawa mgonjwa. Ole alikuwa na mambo mawili mbele yake: kazi aliyoitafuta tangu utoto wake, na mke aliyeisimamisha kazi hiyo. Hakukawia sana kuchagua. Ilipofika mwaka 1914 alikuwa amemwuzia mshirika wake, Chris Meyer, sehemu yake ya kampuni, akaweka ahadi kwamba kwa muda wa miaka mitano hatatengeneza mitambo ya mashua. Hata jina lake mwenyewe alikuwa ameliacha kiwandani, maana mitambo iliendelea kuitwa Evinrude, naye Evinrude hakuwa na haki juu yake. Akasafiri na mkewe na mwana wao Ralph, aliyezaliwa mwaka 1907, ili Bess apate kupumzika. Kwa miaka yote mitano aliishika ahadi yake.

Lakini ahadi haikumkataza kufikiri. Alijua vizuri aibu za mtambo wake wa zamani. Ulikuwa mzito. Silinda yake moja iliitikisa mashua mpaka meno yakagongana. Madini ya alumini sasa yalikuwa yakipatikana kuliko zamani, nayo ni mepesi kuliko chuma na shaba. Ole akachora mtambo mpya wa alumini wenye silinda mbili zinazoelekeana, pistoni zikienda huku na huku ili mtikiso wa moja uondoe mtikiso wa nyingine. Uzito wake ulikuwa ratli 48, kilo 22 hivi, na nguvu zake zilikuwa karibu mara mbili ya zile za kwanza.

Miaka mitano ilipokwisha, aliuchukua mchoro ule kwanza kwa Meyer. Hili lanipendeza katika habari zake, maana angaliweza kwenda moja kwa moja kushindana naye. Meyer akaukataa. Basi Ole na Bess wakaanza upya, na kwa kuwa hawakuruhusiwa kutumia jina lao, Bess aliunda jina jipya kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yaliyoueleza mtambo ule, likawa Elto. Mwaka 1921 Elto ilikuwa sokoni. Watu waliouinua mtambo ule kwa mkono mmoja hawakuhitaji tangazo refu. Kampuni ya zamani, yenye jina la Evinrude, ikajikuta inashindana na Evinrude mwenyewe, na kulikuwa na kampuni nyingine mpya, ya Johnson, iliyokuwa ikitengeneza mitambo ya mbio zaidi. Katika mashindano hayo mitambo ya namna zote ikazidi kuwa mizuri, na mvuvi akafaidika kwa ugomvi wa wakubwa.

Mwaka 1929 kampuni ya zamani ya Evinrude, ile ya Elto, na nyingine iitwayo Lockwood ziliunganishwa kuwa moja, na Ole akawekwa kuwa rais wake. Hivyo akalirudia jina lake baada ya miaka 15. Lakini mwaka ule ule biashara za Marekani zilianguka, mabenki yakafungwa, watu kwa mamilioni wakakosa kazi, na mashua ya starehe ndicho kitu cha kwanza ambacho mtu huacha kununua. Ole aliiongoza kampuni katika dhiki hiyo. Bess, ambaye hakupata tena nguvu zake za ujana, alifariki mwezi wa Mei 1933. Mumewe alimfuata tarehe 12 Julai 1934, akiwa na umri wa miaka 57.

Ralph, mwana wao, akashika kazi ya baba yake. Mwaka 1936 kampuni yake iliungana na ile ya Johnson, na kwa miaka mingi ikawa mojawapo ya kampuni kubwa za mitambo ya mashua duniani. Ralph alikufa mwaka 1986. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni ile ilifilisika, na jina la Evinrude likanunuliwa na kampuni ya Canada, ambayo mwaka 2020 ilitangaza kwamba haitatengeneza tena mitambo yenye jina hilo. Siku hizi mitambo mingi iliyofungwa kwenye mashua za pwani yetu imetengenezwa Japani, na mipya mikubwa haina kabureta tena, maana petroli hupigwa ndani ya mtambo kwa vinyunyizio viongozwavyo na umeme. Midogo bado inayo, pamoja na boya lake, sindano yake, na kile kitundu chembamba.